Majina Kumi na Mawili ya Kware

Ayuma Luseno akifurahi hatulii. Hupanga sufuria zilizokwisha kupangwa, hufagia palipofagiliwa, na humpigia soga kila apitaye mlangoni pake, ghorofa ya tano hapo mtaani Kware. Jumapili hiyo alikuwa hivyo tangu alipotoka kanisani. Baada ya miaka kumi na saba ya kupakia biskuti kiwandani, na minne ya masomo ya jioni, alikuwa amebakisha utafiti mmoja tu amalize chuo.

Utafiti wenyewe ulikuwa mahojiano na wanawake kumi na wawili wa majengo ya hapo, waliougua kifua kikuu wakapona bila jirani kujua. Kurasa mia mbili na ushei. Kuzichambua peke yake kungemla miezi. Lakini chuo kilikuwa kimelipia programu ya akili unde, iliyofungiwa ndani ya akaunti za wanafunzi ili maandishi yao yasitoke nje, na msimamizi wa utafiti wa Ayuma, Daktari Ndete, alikuwa amewafundisha kuitumia. Maneno ya watu yasiingizwe kamwe katika zile za bure za kwenye simu. Majina yaondolewe kwanza. Jibu lolote likaguliwe, maana mashine hutunga mambo kwa uso mkavu. Na ripoti iseme wazi ilisaidia wapi. Ayuma aliyajua yote kwa moyo, na alikuwa na hamu ya kuyatumia kuliko mwanafunzi yeyote darasani.

Jioni tatu zilizotangulia alifuta majina. Alichukua zile fomu walizotia sahihi, akatazama jina la kila mama lilivyo kwenye kitambulisho, akalisaka kurasa zote na kulifuta. Millicent Awiti, halipo. Muhiba Haidari, halipo. Alijiona hodari, na tusimnyime haki yake, alikuwa amefanya bidii.

Jumapili hiyo, saa kumi hivi, Millicent mwenyewe akapanda kumletea chapati. Huzipika pale langoni, na jengo zima hula kwake. Alipougua aliwaambia watu ana vidonda vya tumbo, akameza dawa miezi sita akijificha. Ayuma alimwahidi kwamba jina lake halitatoka, na ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa imeshikilia jiko la Millicent. Wateja wangesikia habari ile, wasingengoja kuambiwa kwamba alipona. Wangeona chapati na kikohozi, basi.

Ayuma alimvutia kigoda mbele ya kompyuta ajionee mahojiano yake. Kidole kilikuwa kinamwasha. Alibakisha kubofya mara moja tu, kurasa ziingie kwenye mashine.

Millicent alisoma polepole, kisha akaweka sahani chini.

"Ayuma, hii ni nini? 'Mama Seth anayepika langoni.'"

"Lakini jina lako nimelitoa."

"Lile la kitambulisho? Nani analijua hapa Kware? Hata landilodi ananiita Mama Seth."

Ayuma aliivuta kompyuta. Akashuka ukurasa kwa ukurasa. Mama Abrar, mara kumi na tisa. Mama Wafula wa ghorofa ya pili. Alikuwa amefuta majina yasiyojulikana na mtu, akaacha yale ambayo hata mtoto wa nasari angeyatambua. Na ripoti ile aliahidi kuja kuwasomea wapangaji. Aliona aibu ya kweli, akaomba msamaha mara tatu.

"Funga hiyo kitu kwanza," Millicent alisema. "Halafu mimi niite Injinia."

Wakaangaliana, wakacheka hadi machozi. Kuanzia hapo furaha ilirudi maradufu. Ayuma aliwapigia simu wale wengine mmoja mmoja, akakiri kosa lake, akamwomba kila mmoja ajichagulie jina. Mmoja akataka kuwa Rubani, mwingine Jaji, na bibi mmoja wa miaka sabini akataka kuwa Mrembo, asibishiwe. Lango likaondolewa, ghorofa zikaondolewa, chapati zikawa biashara ndogo.

Jumatano ndipo alipobofya. Dakika chache tu, mashine ikamletea mambo yaliyojirudia kwa wote: hofu ya kufukuzwa nyumba, dawa kufichwa ndani ya unga, upweke. Ayuma aliruka kitini. Kisha akakaa, akakagua kila nukuu dhidi ya kurasa zake. Moja ilimsingizia Rubani kwamba ugonjwa ulimfunza kuikumbatia nafsi yake. Ayuma alicheka kwa sauti. Rubani, ambaye kwa saa nzima alilalamikia mgongo na watoto wa jirani? Alitafuta maneno hayo kote, hayamo. Akaifuta, akaandika kwenye ripoti kwamba ilitungwa na mashine.

Siku ya kuwasomea wapangaji, ukumbi wa kanisa ulijaa. Ayuma alisoma maneno ya Injinia: "Nilimeza dawa nikiwapa watoto mgongo. Siku niliyoambiwa nimepona, sikuwa na mtu wa kumwambia."

Kavinya, mama wa kufua nguo na mteja wa kila asubuhi wa Millicent, alikuwa ameketi karibu naye. Alijifuta macho, akamwinamia.

"Huyu Injinia amenimaliza. Ningemjua ningemkumbatia."

Millicent alimgeukia.

"Nikumbatie mimi," akasema. "Nitamfikishia."

Kavinya akacheka, akamkumbatia kwa nguvu. Kesho yake asubuhi alikuja kununua chapati nne, kama kawaida.