Mafuta ya Kufika na Kurudi

Bi Shamsia wa Bigwa alikuwa mtu wa kuchora mistari. Chupa ya mafuta ya kupikia aliichora kwa kalamu pale mafuta yalipoishia, ndipo akatoka. Akirudi, kabla hajavua viatu, anainama kuangalia kama yameshuka chini ya mstari. Sukari aliisawazisha kwa kijiko na kuiachia alama anayoijua yeye peke yake. Marehemu mumewe alikuwa akiwatania majirani kwamba mke wake huyu, hata akizikwa, atainuka kidogo kaburini ahesabu sahani za pilau.

Usimcheke upesi. Kazi ya mapambo ya harusi aliianza na vitambaa vya satini vya kuazima na maua ya plastiki aliyoyaosha kwa mswaki. Msichana wake wa kwanza wa kazi alitoroka na vitambaa. Mshirika wake wa kwanza alimwachia stoo yenye kufuli zuri na ndani panya. Mwanamke aliyepitia hayo akianza kuchora mistari, mimi sina ubavu wa kumlaumu. Ila mistari nayo ina tabia ya kuongezeka, na ya Bi Shamsia iliongezeka mpaka ikafika kwenye gari.

Gari lenyewe lilikuwa Benzi jeupe, la mkononi, alilolinunua Dar ili awe anabeba maharusi. Lilikuwa na supachaja, kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kuishindilia injini hewa, na likikanyagwa lilitoa mluzi mwembamba ambao mabibi harusi wa Morogoro waliupenda kuliko nyimbo za bendi. Dereva alikuwa Castory, Mluguru wa kule Mkuyuni, mtu wa makamo, msafi, asiyesema sana. Kwa watu wengine dereva mkimya ni zawadi. Kwa Bi Shamsia, mtu mkimya ni mtu mwenye jambo.

Kwa hiyo alijiwekea utaratibu. Mafuta aliweka mwenyewe. Kila harusi ilipokaribia alipanda kiti cha mbele, wakaenda kituoni, akamwambia muuzaji kiasi anachotaka, naye Castory akikaa kimya ameshika usukani. "Ya kufika na kurudi," alizoea kusema. "Yakilala kwenye tenki yanaota miguu." Taa ya njano ya mafuta iliwaka kwenye dashibodi siku nyingi kuliko ilivyozima, na Bi Shamsia aliipenda taa ile. Ilimhakikishia kwamba hakuna cha kuibwa.

Halafu gari likaanza vituko. Walikuwa wanampeleka bibi harusi Kiroka, na pale barabara inapoanza kupanda, Benzi likavuta, likaachia, likavuta tena, likaachia. Vichwa vya watu nyuma vikawa vinaitikia kama wanaokubaliana na hotuba. Shangazi wa bibi harusi akaanza kusoma dua kwa sauti. Bi Shamsia, aliyekaa mbele, hakuiangalia barabara wala mshale wa injini uliokuwa ukipanda na kushuka. Alimwangalia Castory. Castory alikuwa ametulia, amelegeza mguu, anapanda polepole, wala hajashtuka.

Kwa nini hakushtuka? Swali hilo alilala nalo, akaamka nalo.

Kuanzia siku hiyo akaanza kupeleleza. Asubuhi moja alikuta mshale wa mafuta uko juu ya pale alipouacha. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alihisi baridi mgongoni, maana mafuta hayazai. Alifikiri mpaka akapata jibu lililomtosheleza: Castory anatoa petroli safi, anauza, kisha anajazia mafuta ya taa ili mshale usimsute. Mafuta yamechakachuliwa, ndiyo maana gari linakohoa mlimani! Kila kitu kikakaa mahali pake, na moyoni, kusema kweli, Bi Shamsia aliona raha ya mtu aliyegundua kwamba hakukosea.

Safari iliyofuata, walipotoka kituoni, akabandika kipande cha selotepu kwenye kifuniko cha tenki, chini kabisa, pasipoonekana kirahisi. Baada ya harusi akakikuta kimebanduka. Akafungua buti, akainua zulia, na hapo akaona kidumu cha njano chenye petroli na faneli nyekundu, vimeviringishwa kwa kitambaa safi.

Castory alikuwa anafuta vioo.

"Hiki nini?" aliuliza Bi Shamsia.

"Kidumu, Mama Faraja." Alimwita kwa jina la binti yake aliyeolewa Turiani, kama siku zote.

"Cha nini?"

"Cha gari."

"Gari gani? La kwako?"

Castory aliacha kufuta. Alimwangalia, akaangalia kile kipande cha selotepu alichokuwa amekishika Bi Shamsia kwa ncha za vidole, akaelewa kila kitu kwa mpigo. Uso wake ulikunjamana, si kwa hasira. Ilikuwa ni aibu, na Bi Shamsia akaisoma kuwa aibu ya mwizi.

"Kama mama umeshaamua, mimi niseme nini?" alisema. Akaweka funguo juu ya boneti, akakunja kitambaa chake cha kufutia, akaondoka.

Laiti angeishia hapo. Lakini Bi Shamsia alikuwa amechemka, na simu ilikuwa mkononi. Katika kundi la wapambaji wa Morogoro kwenye WhatsApp akarekodi ujumbe wa sauti: "Ndugu zangu, jihadharini na dereva anaitwa Castory. Mwizi wa mafuta. Nimemkamata na kidumu." Mjini hapa kila mwenye gari la harusi yumo kwenye kundi lile. Kabla ya adhuhuri walikuwa wameshamshukuru na kumpa pole.

Sasa Jumamosi kulikuwa na harusi ya Nasra, binti wa jirani, kwenda Kiroka vilevile, na gari bado bovu. Bi Shamsia akaliendesha mwenyewe, kwa woga na kwa gia ndogo, hadi Kihonda kwa fundi Abdulswamad.

"Fundi, nataka uniambie kilichotiwa humu," alisema baada ya salamu. "Nataka ushahidi."

"Mimi natafuta ubovu, Bi Shamsia. Ushahidi ni kazi ya polisi."

Jibu hilo halikumpendeza. Akaomba kiti, akakiweka karibu na tairi la mbele, akakaa na mkoba mapajani kumlinda fundi asimwibie vifaa. Fundi alipotoa plagi, alizitazama zilipowekwa. Fundi alipopaka povu la sabuni kwenye mipira ya hewa kutafuta panapovuja, aliuliza sabuni inahusikaje na wizi. Fundi akachota petroli kutoka kwenye tenki, akaitia kwenye chupa ya kioo, akaisimamisha juani. Walisubiri. Ilikuwa safi. Maji hayakujitenga chini, na ilipoguswa kwa kidole haikuacha utelezi wa mafuta ya taa.

"Labda mafuta ya taa ameshayatoa," alisema Bi Shamsia.

"Labda," alisema fundi, kwa sauti ya mtu anayetaka kufanya kazi yake. Akabadilisha plagi mbili zilizochoka, akasema nadhani tumemaliza. Wakalijaribu barabarani, kwenye tambarare likaenda vizuri kabisa. Walipogeuza kuelekea mlimani, likavuta, likaachia. Abdulswamad akaguna, akakiri kwamba alikuwa ameotea. Bi Shamsia akajisemea moyoni: huyu naye anajuana na Castory.

Kesho yake fundi alikuja na geji ya presha yenye mpira mrefu. Akaifunga kwenye njia ya petroli, akaupitisha mpira nje ya boneti mpaka kwenye kioo cha mbele, ili aone kinachotokea gari likiwa mlimani kwenyewe.

"Una kitu cha kubandikia hii?"

Bi Shamsia akafungua mkoba akatoa selotepu yake. Fundi akaipokea bila kuuliza kwa nini mama mtu mzima anatembea na selotepu.

Wakatoka, wakapita Bigwa, barabara ikaanza kupanda kati ya migomba na mifenesi. Mshale wa geji ulisimama imara. Mwinuko ulipokaza na fundi kuongeza moto, supachaja ikapiga mluzi, na hapohapo mshale wa geji ukaanguka. Gari likaachia. Fundi akainua mguu. Mshale ukapanda, gari likaruka mbele. Alirudia, ikawa vilevile. Akaegesha pembeni.

"Umeona? Gari hili si kama Korola. Hii inashindilia hewa. Ukikanyaga mlimani hewa inaingia nyingi, nayo hewa nyingi inadai petroli nyingi. Petroli haifiki. Ikikatika linaachia, ikifika linaruka." Akagonga dashibodi kwa kidole, pale taa ya njano ilipokuwa ikiwaka. "Nahisi humu hamna kitu. Tukipanda, hicho kidogo kilichomo kinakimbilia nyuma ya tenki, pampu inanyonya upepo. Tungekuwa na petroli hapa ningekuonyesha."

"Ipo," alisema Bi Shamsia. "Kwenye kidumu, humo kwenye buti. Ndiyo ushahidi wangu, nimekihifadhi kama kilivyo."

Fundi akafungua buti, akainua zulia. Akatoa kidumu, akatoa faneli, akaendelea kupapasa.

"Mpira uko wapi?"

"Mpira gani?"

"Wa kunyonyea. Mtu anayetoa mafuta kwenye tenki lazima awe na mpira. Faneli ni ya kumiminia ndani, Bi Shamsia."

Sidhani alijua uzito wa alichokisema. Akachomeka faneli, akamimina petroli yote ya Castory ndani ya tenki, wakapanda tena. Mshale wa geji haukutikisika. Benzi lilipanda mlima ule likipiga mluzi, mpaka juu, bila kukohoa hata kidogo.

"Pampu nayo imeanza kuchoka," alisema fundi wakati wa kurudi. "Petroli ndiyo inayoipoza. Ukiiacha kwenye tenki kavu inaungua taratibu. Tutaibadilisha. Nani huwa anaweka mafuta kwenye gari hili?"

"Mimi."

"Kila mara?"

"Mimi mwenyewe. Simwachii mtu."

Sauti yake ilianza kwa majivuno yaleyale ya siku zote na ikaishia kwa kitu kingine. Akageuza uso dirishani. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Bi Shamsia alipomfuata nyumbani, Castory alikuwa shambani kwake nyuma ya nyumba, anamwagilia mchicha. Alinawa mikono, akaleta kigoda, akasema "Shikamoo, mama," maana adabu yake haikumtegemea Bi Shamsia. Naye Bi Shamsia alikuwa ameandaa maneno mengi njiani lakini likatoka moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Dereva akuambie wewe, mama, kwamba gari linataka mafuta zaidi?" Castory alitabasamu kidogo, bila furaha. "Ungeniona nani?"

Jibu walilijua wote wawili. Castory akaeleza taratibu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine: aligundua siku nyingi kwamba gari likiwa na mafuta kidogo linasumbua mlimani. Akaona vibaya mabibi harusi kufika wametapika. Akawa anajazia kidogo kutoka mfukoni mwake kabla ya safari za milimani; siku ile ya shangazi kusoma dua alikuwa hana kitu. Basi.

Bi Shamsia akatoa simu. Akarekodi palepale, mbele yake, kwa sauti iliyokuwa inakatika: "Ndugu zangu, ni mimi Shamsia. Yale niliyosema juu ya Castory ni uongo wangu. Mafuta nilikuwa naweka kidogo mimi, yeye ndiye alikuwa anaongeza, kwa pesa yake. Hajaiba. Mwenye kosa ni mimi." Akautuma, akamwonyesha kwamba umekwenda.

"Nashukuru," alisema Castory.

"Utarudi?"

"Nasra nitampeleka. Nilimwahidi."

Jumamosi tenki lilikuwa limejaa, pampu mpya, taa ya njano imezima. Benzi lilipanda kwenda Kiroka kwa mluzi wake mwembamba, na Nasra nyuma akacheka kwa raha akaomba upigwe tena. Bi Shamsia alikaa mbele. Alijikuta anautazama mshale wa mafuta, akajilazimisha kutazama barabara, macho yakarudi tena kwenye mshale. Castory aliliona hilo.

Jioni, baada ya kuliosha gari na kulifuta, alifungua buti akatoa kidumu kitupu na faneli nyekundu, akavifunga kwenye kile kitambaa.

"Hivi ni vyangu, Mama Faraja."

"Castory, nisamehe."

"Nimeshakusamehe, mama. Toka siku ile pale shambani." Akamkabidhi funguo mkononi, kwa mikono miwili. "Lakini kazi sitaiweza. Kila nikishika kifuniko cha tenki nitakuwa nageuka kuangalia kama unaniangalia. Sasa ni mimi ndiye nisiyekuamini."

Akaaga vizuri, akashika njia ya nyumbani na kidumu chake mkononi. Bi Shamsia alibaki uani amesimama kando ya gari lililojaa mafuta, akilia waziwazi, wala hakujali nani anamwona.