Idwal Benchi na Dakika Tisa za Glan

Kwetu Cwmhelyg, kijiji cha bondeni huko Wales, jina la ubatizo peke yake halikufikishi popote. Kina Prosser ni wengi mno bondeni, na kina Evans ndiyo usiseme, kwa hiyo kila mtu hubandikwa jina la pili kufuatana na kazi yake au aibu yake. Tulikuwa na Evans Maziwa, Evans Jeneza, na Evans Mara Mbili, aliyeoa dada wawili kwa zamu. Babu yangu, Idwal Prosser, aliendesha gari la mikate miaka thelathini na minne. Kwa haki angeitwa Idwal Mikate. Wakamwita Idwal Benchi.

Alilichukia jina hilo kama mtu anavyochukia jino bovu. Bibi alikatazwa kulitamka ndani ya nyumba, basi akawa analitamka bustanini.

Lilitokana na timu ya pili ya taifa. Miaka ya sabini Wales ilikuwa na timu kubwa ya raga, ambayo picha zake zilibandikwa hata kwenye duka la nyama, na ilikuwa na Wales B. Hiyo B ilikuwa kama chumba cha kusubiri daktari: kila aliyekaa mle alitega sikio asikie anaitwa. Walicheza na Wafaransa B, mwaka huku mwaka kule, na mechi nyingine za hapa na pale. Waliong'ara walipanda juu, na waliobaki Jumatatu walikuwa mgodini kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyelipwa hata senti.

Babu alikuwa namba mbili, yule wa katikati ya mstari wa mbele wa skramu, ule msukumano wa timu mbili bega kwa bega, anayening'inia mabegani mwa wenzake na kuuvuta mpira kwa kisigino. Alikuwa hodari. Ila nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi Glan Havard, mchimba makaa, mdogo kwake kwa miaka minne, naye namba mbili, naye hodari zaidi kwa unywele mmoja.

Enzi hizo mchezaji wa akiba hakuingia kwa sababu kocha kaona mwenzake kachoka. Lazima mtu aumie, na daktari athibitishe kwamba hawezi kuendelea. Na Glan haumii. Babu alikuwa akisema, "Huyu ukimgonga na lori, lori ndilo linakwenda gereji."

Mara saba babu alivaa jezi nyekundu ya Wales B, akafunga kamba za viatu, akakaa. Mara saba Glan alitoka uwanjani na tope mpaka masikioni, na jezi ikawa mali yake. Babu aliikunja ya kwake, safi, inanukia sabuni, akairudisha kwa mtunza vifaa. Na klabuni kwetu kulikuwa na ubao wa mwaloni wenye majina ya dhahabu ya wote waliochezea taifa, timu kubwa au B. Waliocheza, si waliokaa. Glan alikuwamo. Babu alikunywa bia yake chini ya ubao huo kila Jumamosi, akiupa mgongo.

Mara ya nane ilikuwa mji mmoja wa kusini mwa Ufaransa. Babu alikuwa na miaka thelathini na tatu, na alijua hataitwa tena. Glan, kwa upande wake, alikuwa na barua mfukoni: wiki mbili baadaye angejaribiwa timu kubwa. Ndani ya basi la kwenda uwanjani akamsogelea babu.

"Idwal, sikiliza. Zikibaki dakika kumi, naanguka."

"Unaanguka nini?"

"Naanguka, bwana! Nashika mguu, nalia kidogo, we unaingia. Dakika kumi zako, jezi yako, jina ubaoni."

"We Glan, ukinifanyia upuuzi huo nitakuvunja mguu mwenyewe. Siingii kwa huruma ya mtu."

"Basi endelea kukaa, kichwa kigumu wewe."

Zikiwa zimebaki dakika tisa, skramu ikaporomoka. Watu wakainuka, Glan hakuinuka. Alishika kifundo cha mguu, akang'ata kola ya jezi. Daktari wa Kifaransa akaja na mkoba wake, na kocha wetu akapiga kelele, "Prosser! Vua koti!"

Babu akavua koti. Kisha akamwona Glan amefumba macho, uso umekunjwa, machozi kabisa, akawaka. Akakimbia kwa daktari, akamwambia kwa Kiwelisi, Kiingereza na mikono, "Hana kitu huyu! Anaigiza! Inuka, Glan, acha kunitia aibu!"

Glan akafumbua macho, akamtazama. Akamwambia daktari, "Kweli, sina kitu." Akainuka, akacheza dakika tisa. Babu akavaa koti, akakaa.

Jumatatu habari zikazagaa: toroli la makaa limemponda Glan kifundo cha mguu mgodini. Akakaa na plasta miezi miwili, majaribio ya timu kubwa yakampita, na mguu haukurudi kuwa ule. Babu kila asubuhi alimpelekea mkate wa kwanza kutoka tanuri, na kila Jumamosi, miaka arobaini, aliwachekesha watu klabuni: "Siku mbili! Jamaa haumii miaka yote, halafu anaumia siku mbili nimeshachelewa! Toroli lingewahi kidogo tu!" Watu wanakufa kwa kicheko. Glan naye anacheka, mguu kaunyoosha kwenye kiti.

Timu ya B ikabadilishiwa herufi, ikawa A, halafu ikafutwa, na mgodi ulikuwa umeshafungwa zamani. Paa la klabu likavuja, ubao ukavimba, na kamati ikaamua kuandika mpya. Hapo Glan, na mkongojo wake, akasimama mkutanoni mbele ya babu na sisi sote.

"Andikeni Idwal Prosser."

Katibu akasema, "Mzee Glan, sheria unaijua. Hakucheza."

"Angecheza. Mguu ulivunjika kule kule, kwenye skramu ile. Hakuna toroli. Nafasi ile ilikuwa yake."

Katibu akaiweka kalamu mezani.

Babu alikuwa mwekundu, kisha mweupe. "Dakika tisa," akasema. "Ulicheza dakika tisa na mguu umevunjika?"

"Ulishawaambia Wafaransa elfu tano kwamba sina kitu. Ningekugeuza mwongo mbele yao?"

"Mjinga we! Na timu kubwa?"

"Nayo ingenikalisha benchi tu. We ndiye fundi wa benchi, si mimi."

"Miaka arobaini nakutania, unacheka tu!"

"Ulikuwa unachekesha, Idwal. Na mkate ulikuwa wa moto."

Kamati nzima ikanyoosha mikono: aandikwe. Jambo alilolitaka nusu ya maisha yake likawa limewekwa mezani. Babu akasimama, akavaa kofia yake.

"Msiandike. Dakika zile alizicheza Glan kwa mguu mmoja, na mimi ndiye niliyemnyima daktari. Mkitaka kuniita, jina langu mnalo."

Toka siku hiyo akipiga simu popote, kwa fundi bomba, kwa daktari wa meno, alisema, "Idwal Benchi hapa." Bibi alilia kidogo, halafu akaanza kulitamka hata sebuleni. Mimi nilipoacha chuo nikiwa nimebakiza mwaka mmoja, hakunigombeza. Alisema tu, "Mwenzio angalau nilikaa mpaka filimbi ya mwisho."

Jumamosi yeye na Glan walihama kutoka chini ya ubao, wakawa wanakaa nje, pembeni mwa uwanja, kwenye kiti kirefu cha wachezaji wa akiba, wakiwatukana vijana wa siku hizi wanaotolewa kwa kuchoka. Glan hakuweza tena kuinama, basi babu ndiye aliyemfunga kamba ya kiatu cha mguu ule. Alikuwa akiikaza sana makusudi.

"Taratibu, wewe!"

"Huna kitu," babu anamjibu. "Unaigiza."

Tulimzika Machi. Jiwe lake linasomeka Idwal Prosser, na chini yake, kama alivyoagiza mwenyewe, Benchi. Glan alikuja kuliona, akalisoma mara mbili, kisha akaniita nimfunge kamba. Nilipomaliza akasema nimelegeza mno.