Figo Niliyompa Dada

Dada yangu alipoanza kupata homa za jioni, alikuwa ameishi na figo yangu kwa zaidi ya mwaka. Zake zote mbili ziliharibiwa na presha iliyomshika akiwa mjamzito, na mtoto mwenyewe hakufika. Alisafishwa damu kwa mashine mpaka mishipa ya mikono ikawa migumu, ndipo daktari wa figo akatuambia kwamba ndugu wa damu anaweza kumpa yake moja. Kwa mama yetu tulikuwa tumebaki sisi wawili tu. Nikapimwa, nikafaa. Tulipelekwa Nairobi, na tukarudi kila mmoja na figo moja.

Nakumbuka simu aliyonipigia kutoka kitanda chake, mimi nikiwa wodi ya pili, bado nimelala chali na maumivu ya kidonda.

"Nimekojoa," alisema.

Mtu ambaye hajawahi kuuguza mgonjwa wa figo hawezi kuelewa kwa nini tulicheka hadi muuguzi akaja kuninyamazisha. Dada alikuwa amesahau haja ndogo ni kitu gani. Tangu siku hiyo akaipa figo jina la mgeni. Kila asubuhi alinipigia: "Mgeni wetu ameamka salama." Mimi nilikuwa Gatitu, najitayarisha kwenda mjini Nyeri kufungua duka langu la vitambaa. Yeye alikuwa Naro Moru na mumewe, mtu wa huko huko, aliyesilimu walipooana. Shemeji hulima viazi, na msimu wa wageni huwabebea mizigo wanaopanda mlima.

Homa ilianza mwezi wa saba. Naro Moru mwezi huo upepo hushuka kutoka mlimani na watu hushinda na makoti, hata jikoni. Lakini dada alikuwa akiloa jasho. Shemeji alisema shuka lilikuwa la kukamua.

Walikwenda kliniki ya karibu. Wakaambiwa ni homa ya matumbo, akapewa dawa, homa ikapungua kidogo kisha ikarudi. Wakaenda kwingine, wakaambiwa ni mkojo una wadudu. Wakapiga picha ya kifua, ikatoka safi. Kila walipokwenda aliulizwa kama anakohoa, naye akajibu kwamba hakohoi, na daktari akaliacha jambo hilo hapo. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilimuuliza hivyo hivyo kwenye simu, na aliponijibu nikatulia.

Alikuja kwangu siku ya Idd. Alivaa dera la kijani ambalo mimi ndiye niliyemshonea, na nilijua lilivyomkaa siku ya kwanza. Sasa lilining'inia mabegani kama liko kwenye msumari. Alikula wali vijiko viwili, akasogeza sahani. Nilipomsaidia kuvua viatu, vifundo vya miguu yake vilikuwa vyembamba kama vya msichana.

"Kesho twende kwa daktari wa figo," nikamwambia.

"Kliniki yangu ni mwisho wa mwezi."

"Dada, twende kesho."

Daktari wa figo hapo Nyeri ni mwanamke wa makamo, mpole, anayezungumza polepole kana kwamba ana siku nzima ya kukaa na wewe. Hakuuliza habari ya kikohozi. Alimshika shingo, akabonyeza chini ya masikio na makwapani, akamuuliza jasho linatoka saa ngapi na chakula kilianza kumshinda lini. Akauliza kama utotoni kuna mtu aliyeugua kifua nyumbani kwetu. Mimi sikukumbuka. Dada ndiye aliyekumbuka bibi, mama yake mama, aliyelala chumba kimoja nasi kule mtaa wa Majengo tulikokulia, na kikopo chake cha makohozi chini ya kitanda. Mimi nilikuwa mdogo sana.

"Inaweza kulala mwilini miaka mingi sana," daktari akasema. "Tupige picha nyingine."

Picha ya pili aliiweka kwenye taa, akatuita tuone. Mapafu yote yalikuwa na vidoa vidogo vidogo, kana kwamba mtu ameshika punje za wimbi kiganjani akazimwaga. Walimlaza, wakampitisha mpira mwembamba hadi ndani ya kifua, wakachota maji ya kupima. Jibu lilirudi siku ile ile. Kifua kikuu, na tayari kilikuwa kimesambaa.

Shemeji alikuwa ameketi na kofia yake ya sufu mkononi. "Daktari, TB gani hii haina kikohozi?"

"Kikohozi ni mwili unapigana," daktari akamjibu. "Huyu tunampa dawa za kuuzuia mwili wake usipigane, ndio uikubali figo ya dada yake. Kwa hivyo ugonjwa umeingia na hakuna mtu amepiga kelele."

Nilidhani jambo gumu limekwisha, maana ugonjwa sasa ulikuwa na jina na dawa yake ipo. Lakini daktari alitueleza kwamba dawa kubwa ya TB hulifanya ini limeze zile dawa za kuilinda figo kabla hazijafanya kazi. Aliziongeza, akamtoa damu ikapelekwa Nairobi kupimwa, majibu yakaja kwamba bado ziko chini, akaziongeza tena. Iko dawa nyingine ya TB isiyo na ukali huo, akasema, na huenda angehamia hiyo mambo yakitulia. Hayakutulia.

Dawa ile hubadilisha rangi ya kila kinachotoka mwilini. Mkojo ulikuwa wa chungwa, mate pia. Dada alinionyesha leso aliyofutia macho, ina madoa kama ya chai ya rangi. Tulicheka kidogo. Akasema hata kulia sasa ni lazima ulie kwa siri, maana ushahidi unabaki.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Mchana mmoja nilimkuta kitandani anatazama dirishani, nikamsalimu. Akageuka, akaniambia, "Mama, mbona umechelewa?" Mama yetu alikuwa amefariki zamani. Nikakaa pembeni mwa kitanda, nikamshika mkono. Sikumsahihisha. Akaniuliza kama nimemfungia kuku, nikamwambia nimemfungia.

Walimchoma sindano ya mgongo, wakatoa maji yake. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye utando wa ubongo.

Daktari alituita mimi na shemeji. Akafunga mlango, akaketi upande wetu wa meza.

"Ile dawa kali siwezi kuiondoa sasa. Ile nyingine haifiki ubongoni vizuri," akasema. "Na zile za kulinda figo, zinafunga mwili wake mikono. Nataka kuzipunguza sana. Nyingine nitazisimamisha."

"Na figo?" nikauliza.

Alinitazama mimi, si shemeji. "Mama, figo pengine itakufa. Nikijaribu kuokoa vyote viwili, naogopa nitapoteza vyote viwili."

Shemeji akasema, "Okoa mke wangu." Alisema hivyo tu, kisha akainamisha kichwa.

Nilidhani imekwisha hapo. Lakini dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo ilipomtuliza dada, akili zikamrudia, na daktari akataka asikie mwenyewe. Dada akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hapana.

"Hii si yangu ya kutupa," akasema. "Mdogo wangu alipasuliwa kwa ajili yake. Mnaniambiaje mimi niiue?"

Daktari akajaribu tena kwa upole. Dada akageukia ukuta. Shemeji akatoka nje, nikabaki nimesimama na kikombe cha uji mkononi, sijui nikiweke wapi.

Nikamwambia, "Dada, nitazame."

Hakugeuka.

"Sikukupa figo ili uitunze. Nilikupa ili uwepo. Ukifa nayo, mimi nitakuwa nimepata nini?"

"Nitarudi kwenye mashine."

"Utarudi kwenye mashine."

"Ulilala siku ngapi ukiumwa upande huo? Hadi leo ukibeba jora la kitambaa unajishika."

"Najishika kwa mazoea tu," nikasema, na ilikuwa kweli nusu. "Ilikuwa yangu, sivyo? Basi mimi mwenyewe nasema iende."

Alilia bila sauti, na mto ukapata rangi ya chungwa. Baadaye alinyoosha mkono akachukua uji. Alipomaliza, akaniambia nimwite daktari.

Figo haikufa siku moja. Mkojo wake ulipimwa kwenye jagi la plastiki lenye mistari, na kila nilipokwenda kumwona jicho langu lilikwenda kwanza kwenye jagi hilo, kabla ya uso wake. Naye alijua, akaanza kulifunika kwa leso. Uso ulivimba, miguu ikavimba. Wakati huo huo kichwa kilikuwa kinapona. Alianza kusoma ujumbe kwenye simu bila kukosea, akamdai shemeji habari za viazi, akagombana na mgonjwa wa kitanda cha pili juu ya dirisha kufunguliwa. Daktari alifurahi. Mimi nilifurahi pia, halafu nikatoka nje nikakaa kwenye nyasi za hospitali nikalia, sijui hasa nalilia nini. Watu walipita na vyakula vya wagonjwa wao, hakuna aliyeniuliza, maana hapo kila siku yuko mtu anayelia.

Asubuhi moja hakunipigia. Nilipofika alikuwa ameketi, jagi halikufunikwa, na lilikuwa kavu.

"Mgeni ameondoka," akasema.

Wakamwekea mpira shingoni kwa ajili ya mashine, maana mishipa ya mikono ilikuwa imechoka. Akarudi Naro Moru, na siku za kusafishwa damu alikuja Nyeri, akalala kwangu. Dawa za TB alizimeza hadi mwisho, na siku walipomwambia amepona kabisa alinunua nyama, akapika pilau nyumbani kwangu akiwa ameketi kwenye kigoda kwa sababu kusimama kulimchosha. Alikuwa amenenepa mashavu kidogo. Tulikula, tukaongea habari za utotoni, akaniigiza jinsi nilivyokuwa nikisoma Kurani madrasa huku nasinzia. Nilimwona amerudi yeye mwenyewe. Ninashukuru kwa msimu huo. Ulikuwa tangu viazi vilipopandwa hadi vilipochimbwa.

Kisha siku moja, akiwa kwenye mashine, akaanza kutetemeka hadi kitanda kikalia. Safari hii hakuna aliyekisia. Walichukua damu pale pale, dawa ikaanza kabla jibu halijatoka, mpira wa shingoni ukaondolewa. Kila kilichotakiwa kufanywa kilifanywa, na kilifanywa mapema. Wadudu walikuwa wameingia kupitia mpira huo na kukaa kwenye mlango wa moyo. Daktari wa figo alikuja hata siku ambayo si zamu yake. Alipomwona dada anapumua kwa mabega, alimpangusa jasho la uso kwa mkono wake.

Neno la mwisho dada aliloniambia likaeleweka lilikuwa kuhusu shemeji, kwamba asiachwe ale peke yake.

Alifariki alfajiri, akazikwa siku ile ile baada ya adhuhuri, kwenye makaburi yetu sisi Waislamu wa Nyeri. Shemeji alitaka awe karibu na mama yetu.

Mimi niliingia na akina mama waliomwosha. Mkubwa wao ni jirani wa zamani wa Majengo, aliyetujua tukiwa wadogo lakini alikuwa amehamia Nanyuki miaka mingi na hakujua habari zetu za karibuni. Alikuwa akimimina maji ya vuguvugu, mimi nikimsugua dada polepole kwa kitambaa chini ya shuka lililomfunika. Mkono wa yule jirani ulipofika tumboni upande wa chini kulia, ukasimama kwenye kovu refu.

"Alizaa kwa kupasuliwa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, shangazi. Hapo ndipo walipomwekea figo yangu."

Akanitazama ubavuni, ingawa nilikuwa nimevaa, kisha akashusha macho. "Na ikamfaa?"

"Ilimfaa mwaka na zaidi."

"Mwaka ni mwingi," akasema.

Akachukua kata nyingine ya maji, akamimina juu ya kovu lile bila haraka, na mimi nikapitisha kitambaa. Tulimgeuza kwa upande wa kushoto. Mmoja wa wale akina mama akanisogezea kafuri, maana sikuona mahali ilipowekwa.