Daktari wetu wa upasuaji kuketishwa barazani pamoja na wake za madaktari: mpaka leo sielewi

Wakuu, najua wengi humu mngeniamkia shikamoo, basi marahaba wote. Mjukuu kanifungulia akaunti, mnivumilie. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, uzeeni huku nidanganye ili iweje?

Enzi za Mwingereza nilikuwa nesi wa thieta, hospitali moja ya misheni huku Meru mlimani. Aliyekuwa akipasua ni Mwingereza, mwanamke. Tulimwita Mama Daktari.

Nami nilikuwa na hamu moja tu, anifundishe kupasua. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwomba.

Siku moja akaletwa kijana wa Kiarusha, ngiri imekaza, anatapika, tumbo kama ngoma. Baba yake akagoma.

"Kwetu mwanamke hachinji mbuzi, sembuse kumpasua mwanangu!"

Mama Daktari akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Mzee, hapa mwenye kisu ni mimi. Ukikataa, atakufa."

Mke wa mzee ndiye aliyemaliza maneno, akamgeukia mumewe: "Kitovu chake alikata nani? Wewe?"

Jamani, nilibana kicheko! Mzee akaangalia chini, akaruhusu. Kijana akapona.

Nikasema sasa nitamwomba, tukirudi tu kutoka mjini. Maana chama cha madaktari kilikuwa kinakutana Arusha, na Mama Daktari alikuwa anakwenda kuwaeleza upasuaji ule. Mimi nikambebea mizigo.

Mlangoni bwana mmoja akamwambia kwa adabu zote: wanachama ndani, akina mama barazani, chai ipo tayari.

Aliyeingia kueleza ni daktari msaidizi wake, mwanaume, ambaye siku ile alishika taa tu!

Nikasubiri Mama awake. Wapi! Akakaa na wale wake za madaktari, wakaongea habari za maua na mbwa. Nilichanganyikiwa kabisa.

Njiani tukirudi na gari nikamuuliza, "Mama, mbona yule mzee ulimjibu, na hawa umewanyamazia?"

"Yule mzee alinihitaji," akasema. Akageukia dirishani.

Sasa wakuu, waliosoma ni akina nani hapo? Funzo nililopata ni kwamba kusoma na kuelimika ni vitu viwili, lakini hata hilo halinitoshi.

Mabinti wa upasuaji mliomo humu, nijibuni bila kunionea haya bibi yenu: kwenye vyama vyenu siku hizi mnakaa ndani au barazani?

Maana mimi ombi langu nilirudi nalo mlimani, sikulitoa kamwe.