Albamu ya Bi Tanzia

Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa nalo, ila watu walikwisha kulisahau. Mji mzima ulimwita Bi Tanzia, kwa sababu ndiye aliyesoma matangazo ya vifo redioni kila siku kabla ya taarifa ya habari ya mchana. Sauti yake ilikuwa nzito, ya taratibu, yenye kupoa kidogo mwishoni mwa sentensi, na Mungu aliyempa sauti hiyo hakumpa nyingine ya akiba. Ndiyo aliyokuwa nayo nyumbani, sokoni, na hata usingizini.

Hebu jiweke mahali pake. Akimpigia kaka yake simu kumjulia hali, kaka anatafuta kiti kwanza ndipo anapokea. Akimwambia muuza vitunguu kwamba vitunguu vimeoza, anapewa pole. Kulikuwa na mchumba pia, mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiye na makuu. Alivumilia mpaka jioni ile alipoambiwa kwa sauti ile ile kwamba naye anapendwa, akajikuta anapapasa mfukoni kutafuta leso. Hakurudi tena. Mama yake Bi Tanzia alimlaani mwalimu yule wiki nzima, lakini mwenyewe hakumlaumu, maana hata yeye alikuwa ameisikia sauti yake.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: kipindi cha salamu cha asubuhi. Watu wanatuma salamu kwa shangazi na binamu, mtangazaji anacheka, anataniana nao, anapiga muziki, basi. Mkurugenzi wa kituo alimwambia siku nyingi kwamba angempa, mradi kwanza aonyeshe kuwa anaweza kumchangamsha mtu. Kila alipokumbushwa, alimwambia asubiri kidogo. Bi Tanzia alisubiri. Kila jioni alimwambia Fundi kwamba kesho anaacha kazi, na kesho ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia getini, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu na dawa haziokotwi njiani.

Huyo Fundi ndiye fundi mitambo wa kituo, mwanamume mwembamba aliyekaa upande wa pili wa kioo, vipokea sauti shingoni hata akiwa anakula. Walikuwa wametazamana kupitia kioo kile miaka na miaka, wakizungumza kwa vidole, mpaka wakawa wanajuana kuliko ndugu. Fundi alikuwa na wazimu wake: alikusanya sauti. Jokofu linalokoroma, cherehani ya jirani, maji yanayogugumia kwenye bomba bovu, vyote alivirekodi na kuvitunza utadhani mali ya urithi. Yeye ndiye aliyetoa wazo la albamu. Kama bosi anataka kuchangamshwa, alisema, basi na achangamshwe mpaka ajute.

Walirekodi siku za Jumapili katika stoo ya kituo, chumba kisicho na dirisha, wakatundika mablanketi ukutani na kukaa humo wakivuja jasho. Bi Tanzia alikuja na nyimbo zake tayari, za mapenzi na furaha, akaziimba kwa sauti nyembamba ya kujilazimisha. Alisikika kama mtu aliyekanyagwa kidole naye anaona haya kulia. Fundi alivumilia kadiri ya uwezo wake, kisha akavua vipokea sauti.

"Dada, usiimbe," alimwambia. "Soma tu."

"Nisome nini? Nani amekufa?"

"Hata pasi yangu ya umeme. Imekufa jana."

Akaisoma. Alitangaza kwa masikitiko kifo cha ghafla cha pasi kilichotokea ikiwa kazini, na kwamba marehemu ameacha shati moja lenye tundu mgongoni. Fundi alicheka mpaka akalala sakafuni. Toka hapo hawakushikika. Ikaja tanzia ya soksi iliyofiwa na mwenzake, ikaja ya mwavuli uliougua muda mrefu, ikaja ya hasira za mwenye nyumba, ambazo familia ilisikitika kutangaza kwamba bado ziko hai. Nyuma ya sauti ile Fundi aliweka kila takataka aliyokuwa nayo: rumba ya vifuniko vya sufuria, gwaride la cherehani, kwaya ya watu wawili wakiimba ndani ya dumu tupu. Na baina ya tanzia na tanzia mlango wa stoo ulifunguka kwa bawaba kavu, kwiiii, mtu akakohoa kidogo, kama mwombolezaji aliyechelewa anayetafuta pa kukaa.

Wakajiita Wafiwa Wawili. Albamu ikaitwa *Tunasikitika Kutangaza*, ikatoka simu hii ikaingia simu ile, na haikupita muda mji ukagawanyika. Wengine walisema wale wawili wapelekwe wakaombewe. Wengine waliisikiliza saluni na kwenye karakana huku wakifuta machozi ya kicheko. Bi Tanzia alifurahi siku za mwanzo. Baadaye alianza kusimamishwa barabarani na watu asiowajua, wakimbembeleza atangaze kifo cha baiskeli ya mtu, au cha mkwe wa mtu. Hakuna hata mmoja aliyemwomba acheke. Alikuwa ametafuta upenyo wa kuikimbia sauti yake, na sasa nusu ya mji imeipenda. Aliona uchungu, akaumeza.

Mkurugenzi naye alichangamka, tena sana. Alimpongeza kwa mikono miwili, akasema wasikilizaji wa tanzia wameongezeka maradufu, kwa hiyo habari ya salamu isubiri kidogo.

Siku iliyofuata Bi Tanzia alisoma tangazo la kifo cha fundi viatu mmoja, lililotolewa na mjane wake. Alikuwa amefika mahali pa kutaja saa ya mazishi. Mara, hewani, kila nyumba ikisikia: kwiiii. Mtu akakohoa.

Alitazama kioo. Fundi alikuwa ameinamia mitambo yake, uso hauonekani. Bi Tanzia alimaliza kusoma kwa sababu midomo ilikuwa imezoea, na kabla taa nyekundu haijazimika Mkurugenzi alikuwa mlangoni, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Hakupiga kelele. Aliwaambia waje ofisini kwake kesho asubuhi wachukue barua zao, wote wawili, kwani kumdhihaki maiti ni jambo ambalo hata yeye hawezi kulitetea.

Bi Tanzia hakulala vizuri, alimwonea aibu mjane yule asiyemjua. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, na kilimtisha zaidi: alikuwa mwepesi. Asubuhi alipokuwa akivaa alijikuta anapiga mluzi.

Mjane aliwatangulia. Walimkuta ameketi mbele ya meza ya Mkurugenzi, mwanamke mfupi mwenye kanga nyeusi, mikono mapajani. Bi Tanzia alipiga magoti kuomba radhi. Mama yule akamshika bega asiendelee.

"Mwanangu, baba watoto aliumwa muda mrefu," alisema. "Alikuwa anacheka akisikiliza ile kanda yenu tu. Jana ulipolia ule mlango, nilinyanyuka. Nilidhani ndiye anaingia."

Akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Nimekuja kuwashukuru. Na dada yangu anauliza, naye akifa mtamwekea?"

Mkurugenzi alitazama dari. Kila aliyemfahamu alijua maana ya kutazama dari: alikuwa anafikiri, na akifikiri mtu huumia. Alizikunja zile barua, akazitia mfukoni. Alimsindikiza mjane mpaka nje kwa heshima zote, akarudi akisugua viganja. Alisema kuanzia leo tanzia itakuwa na mlango kwa kila familia itakayoomba. Salamu atapewa mtu mwingine.

"Kiti kile ni chako, Bi Tanzia," alimwambia. "Mpaka ustaafu."

Walitoka hadi kwenye korido. Fundi aliegemea ukuta, ameloa jasho, akichezea waya wa vipokea sauti. Bi Tanzia alimuuliza kidole kilitelezaje, mtu mwenye uzoefu kama wake.

"Hakikuteleza," Fundi alijibu. "Kila siku unasema kesho unaacha. Nikasema basi, ngoja tufukuzwe."

Bi Tanzia alimtazama mtu aliyechezea riziki yake mwenyewe ili kumtoa yeye, na badala yake akampigilia misumari kwenye kiti kile. Hakujua ampige kofi au amkumbatie. Hakupata nafasi ya lolote, maana saa ya matangazo ilikuwa imefika na karatasi zilikuwa mezani.

Aliingia, akaketi. Upande wa pili wa kioo Fundi aliinua kidole. Taa nyekundu ikawaka. Alisema, "Tunasikitika kutangaza," na sauti ikatoka nzito, ya taratibu, ikapoa pale inapotakiwa kupoa. Hakuwahi kusoma vizuri kama siku ile, na alijichukia kwa hilo.