Mtumishi Hafiwi na Mama Mara Mbili

Ofisi nzima ilimwita Kifungu, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Mwanamke huyu alikuwa karani wa utumishi kwa miaka ishirini na minane, na kanuni za watumishi wa serikali alikuwa nazo kichwani. Ukimpelekea ombi la ruhusa hakukutazama usoni. Alilaza rula chini ya mstari, akasoma, akataja kifungu. Wengi walirudi na fomu zao mkononi.

Kusema kweli, hakuwa na roho mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa wa watu wanyofu: aliamini karatasi ikisema kweli, dunia imenyooka. Siku ya kuajiriwa, penye "Mama", aliandika "Marehemu", kwa kuwa aliyemzaa alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Wenzake waliolelewa kama yeye waliandika jina la mlezi, yakaisha. Yeye akaona huo ni uongo, ingawa mama mdogo ndiye aliyempakata, akamsomesha kwa cherehani, na Kifungu hakuwahi kumwita kwa neno lingine ila mama.

Miaka tisa nyuma, dereva wa ofisi aliomba siku tatu akamzike mama. Kifungu akafungua jalada, akakuta mama wa dereva alishazikwa zamani. Huyu alikuwa mama mkubwa. Kanuni ilitaja mzazi, mwenzi na mtoto, basi. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mtumishi hafiwi na mama mara mbili." Dereva hakwenda kuzika; watu wa masjala walicheka mpaka wakashika mbavu. Ikawa methali ya ofisi, na yeye, Mungu amsamehe, akaionea fahari.

Mwaka huu mama mdogo akaugua, kwao, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Kifungu alimaliza likizo yake yote akimgeuza na kumlisha kwa kijiko, akapitiliza siku nne, akala barua ya onyo. Siku ya kuagana mgonjwa alimshika mkono.

"Nenda kazini, mwanangu. Ila nikiondoka, mchanga wa kwanza utie wewe."

"Nitatia mimi, mama."

Jumatatu asubuhi simu ikaja: amefariki, kesho saa nne wanazika. Kifungu alivuta fomu akilia waziwazi, wala hakujificha. Penye "Uhusiano na marehemu" kalamu ilisita, kisha akaandika: Mama. Akampelekea msaidizi wake, binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, hata kulaza rula.

"Pole sana, mama," binti alisema, macho mezani. "Lakini jalada lako linasema mama ni marehemu tangu zamani."

"Ni mama mdogo, mwanangu. Ndiye aliyenilea."

"Najua, mama. Nimetafuta kifungu tangu umeingia, sijakiona. Na bosi kasema tufuate uamuzi uliotangulia."

Akamsogezea nakala kutoka jalada la dereva. Wino mwekundu ulikuwa umefifia, lakini mwandiko ulikuwa wake, pamoja na mkia wa madaha alioupa herufi ya mwisho.

"Nikikupa wewe," binti alinong'ona, "dereva nitamwambia nini?"

Kifungu aliikunja fomu yake. Angeweza kuondoka tu, lakini kuondoka bila ruhusa ni utoro, na mwenye onyo akitoroka hufukuzwa. Barua hizo alizizoea, aliziandika yeye. Miaka miwili ilibaki astaafu, na hakuwa na kingine cha kumweka uzeeni ila mafao hayo. Alirudi kwenye kiti chake. Alijichukia kwa kurudi, lakini alirudi.

Kesho yake alikuwa mezani. Saa nne ilipogonga aliweka kalamu chini, akatazama viganja vyake, vikavu, visivyo na chembe ya mchanga.

Mchana dereva aliingia na fomu ya safari ya kikazi, akasimama mbele ya meza. Kifungu alipiga muhuri bila kuilaza rula.

"Pole na msiba," alisema dereva. "Wamezika saa ngapi?"

"Saa nne."

Dereva akatikisa kichwa polepole, akaichukua fomu yake.

"Wangu walimzika saa saba," alisema, akatoka.