Kwetu Ulanzi Si Pombe

Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza niliihama kliniki ya Njombe, iliyo karibu na nyumbani, nikawa nahudhuria Makambako. Mume wangu nilimwambia kule foleni ni fupi. Uongo mtupu. Nilikuwa nakimbia pua za watu.

Nilikuwa mlevi. Leo neno hilo nalitamka, wakati ule ungelisema mbele yangu tungekosana. Masika nilikunywa ulanzi kama kila mtu, ule utamu wa mianzi unaolala siku moja ukaamka mkali. Kiangazi mianzi ikikauka, nilihamia gongo. Kwenye banda la kuchambua parachichi, nilikofanya kazi, nilitafuna karafuu kuua harufu, mpaka ulimi unakufa ganzi. Mama mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa usharikani kwetu, alishasema jikoni kwake, macho kwenye sufuria: "Mjukuu wangu halelewi na mlevi. Akizaliwa tu, namchukua." Hakutaja mtu. Hakuhitaji kutaja.

Kliniki ya kwanza, kule Njombe, nesi alituuliza tukiwa wote kwenye benchi: "Nani hapa anakunywa pombe?" Tukajibu hapana kwa pamoja, kama kwaya. Wala hatukujiona waongo, maana kwetu ulanzi si pombe, ulanzi ni ulanzi. Lakini aliponipima presha aliinamia mdomo wangu, akanusa, akamwita mwenzake naye aje anuse. Wakacheka. Sikurudi tena pale.

Makambako nikampata mkunga wa makamo. Aliniita ndani, akafunga mlango. Hapo hapo nikaingiwa na wasiwasi, kwa sababu kliniki zote nilizozijua milango ilikaa wazi, na benchi zima lilisikia mambo yako.

"Kamwene," akanisalimu Kibena.

Nimewakimbia Wabena wenzangu kote huko, kumbe mmoja ananisubiri na koti jeupe! Nikahesabu moyoni: huyu atakuwa wa Kifanya, kijiji jirani na kwetu, atakuwa na shangazi usharikani, habari itafika kabla yangu.

"Pombe unatumia?"

"Hapana, sista."

"Na ulanzi?"

Nikakasirika. Mgeni asingejua kuuliza vile.

"Asubuhi, kabla hujagusa kitu, mikono inatetemeka?"

Nikaificha chini ya kitenge. Akaona.

"Sikuulizi ili nikuseme, dada yangu. Ila usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Unaweza kuanguka kifafa, na mko wawili. Njoo ulazwe, daktari akuachishe taratibu."

Nani amewahi kusikia maneno hayo? Maisha yangu yote niliambiwa acha leo, acha sasa hivi, muogope Mungu. Huyu ananiambia nisiache ghafla! Nikaona mtego waziwazi: nikishalazwa, mama mkwe ataitwa, na mtoto atakuwa ameshapata mwenyewe.

"Nyumbani utawaambia nini?" nikamuuliza.

"Mimi? Kwani mimi naishi kwenu?"

Nilikubali kulazwa, lakini si kwa kumwamini. Mtoto alikuwa hajacheza tangu jana yake, na hofu hiyo ilizimeza hofu nyingine zote. Nyumbani nikasema wananiangalia mimba, jambo ambalo safari hii lilikuwa kweli.

Nilitoka wodini mikono imetulia, mtoto anacheza, lakini roho haijatulia. Wanawake wawili wakicheka nyuma yangu kanisani, ni mimi wanayemcheka. Mama mkwe akiniletea maziwa ya mgando, amekuja kuninusa. Mwisho nikaamua kumpima yule mkunga. Nikamdanganya kwamba mume wangu ameniacha. Habari kama hiyo Njombe hailali njiani. Ikifika nyumbani, nimemkamata.

Nikangoja. Nikatega masikio sokoni, kisimani, usharikani. Kimya. Hata siku niliyoteleza nikanywa ulanzi kwa jirani, nikaenda kumwambia nikiwa nimejiandaa kwa matusi, aliniuliza tu nilikunywa kiasi gani na nani alikuwa nami. Nilikasirika zaidi. Mtu asiyekutukana unamshikia wapi?

Nilijifungulia Makambako, mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Mama mkwe akafika na shuka jipya na kitenge cha kubebea. Shuka moja, kitenge kimoja. Vyote vya mtoto, hakuna changu. Nikajua amekuja kuchukua.

Akamgeukia yule yule mkunga. "Sista, mimi ni bibi wa huyu mtoto. Nieleze ukweli. Huyu mwanamke alikuwa anakunywa?"

Nikamtazama mkunga. Nikasema moyoni, haya sasa, leo ndiyo leo.

"Mama," akajibu, "mambo ya mgonjwa anayasema mgonjwa." Akaendelea kumfuta mtoto, akamrudisha kifuani kwangu.

Ningeweza kukana, hakuna ambaye angenisuta. Nilikuwa na hasira ya miezi yote ile na sikuwa tena na mtu wa kumtupia.

"Nilikuwa nakunywa, mama," nikasema. "Nimetibiwa hapa, na bado natibiwa. Mtoto nitamlea mimi."

Mama mkwe akakaa ukingoni mwa kitanda. Akanyoosha mikono, kisha akairudisha mapajani.

"Basi nipe nimshike kidogo," akasema. "Nitakurudishia."

Nikampa. Lakini macho yangu hayakubanduka kwenye mikono yake mpaka aliponirudishia.